Picha bila karatasi ni sawa jiwe bila karatasi

Kisangani. – Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye kubaki mu mji wakati baba yuko ku mashimo, leo tunawaletea habari yenye kuonekana sawa ni ya watu wa mbali, kumbe iko tayari mu telefone zenu. Ni habari ya picha zenye kuchorwa na mashine, ile akili ya kutengenezwa yenye Wafransa wanaitaka IA. Wengi wameshaongea juu ya picha hizo: zinapendeza, zinadanganya, zinatisha. Siye tunataka kuongea juu ya kitu kingine, chenye watu wanasahauka: karatasi yake. Nani aliagiza picha? Chombo gani kiliichora? Kwa maneno gani, siku gani? Na hayo yote yameandikwa wapi?

Mchimbaji wa diama hana lazima ya kufundishwa faida ya karatasi. Tangu Januari 2003, mpango wa Kimberley unataka kila kifurushi cha almasi ghafi kitoke mu inchi na setifika yake. Kongo ni moja ya inchi za mpango huo. Kwetu, CEEC njo inapima mawe, inakadiria bei na kutoa setifika. Mbele ya kufika pale kuko karte ya krezere, karte ya negosian, vitabu vya kontuari. Mlolongo huo una matobo yake, na hakuna mtu wa Makiso ao wa Mangobo mwenye hajui. Lakini wazo lake ni nyepesi: jiwe halina kinywa. Halitakuambia lilitoka mu mto gani. Ukitaka kujua, lazima mtu aandike wakati jiwe linapita mu mkono wake. Ukingoja mpaka mwisho wa njia, umechelewa.

Picha nayo leo imekuwa vile. Haina kinywa. Inaweza kuwa imepigwa na mtu mwenye alisimama pale, ao imechorwa na mashine yenye haijawahi kuona mvua ya Tshopo. Kwa macho tu, kila mwaka inazidi kuwa vigumu kutofautisha.

Ajenti hachore, anatuma

Tuanze na namna kazi inavyofanyika, juu ukielewa kazi utaelewa pia tobo lake liko wapi.

Mu Januari 2021, kampuni OpenAI ya Marekani ilionyesha programu DALL-E: unaandika maneno, inachora. Mu 2022 Midjourney ikafuata, na mu Agosti ya mwaka huo ikatoka Stable Diffusion, yenye mtu anaweza kuweka ku kompyuta yake mwenyewe bila kuomba ruhusa kila siku. Nyingi ya mashine hizo zinaanza na takataka ya vidoa-doa, sawa gravie yenye haijaoshwa bado. Halafu zinasafisha hatua kwa hatua, zikifuata maneno yako, mpaka sura inatokea. Hakuna foto ya zamani yenye zimetoa mu sanduku. Ni picha mpya yenye haikuwa popote.

Mwanzo, mtu mwenyewe njo alikuwa anaandika maneno na kungoja. Sasa kumeingia mtu wa katikati, na si mtu: ni ajenti. Ajenti ni programu yenye inapokea kazi kwa lugha ya kawaida, inaikata vipande, na inatafuta vyombo vya kufanya kila kipande. Ukiiambia, "Tutengenezee afishi ya mkutano wa kooperative, siku ya posho, ku Mangobo," ajenti hachore yeye mwenyewe. Anaita chombo kimoja cha kuandika, kingine cha kuchora, kingine cha kutuma. Ni sawa PDG wa shimo: yeye haingie ndani, lakini anajua nani wa kuchimba, nani wa kuvuta maji na motopompe, nani wa kuosha ku tamisi.

Tofauti iko hapa. PDG anajua watu wake juu amelala nao mu kambi. Ameona nani anaiba, nani anachoka mbio. Ajenti hakuona kitu. Yeye anasoma. Kila chombo kinamfikia na karatasi ndogo ya maelezo, na karatasi ile njo macho yake yote. Mu Novemba 2024 kampuni Anthropic, nayo ya Marekani, ilitoa kanuni yenye inaitwa MCP, yenye inapanga namna moja ya kuunga ajenti na vyombo. Ndani yake kila chombo kina jina, kina maelezo ya kazi yake, na kina liste ya vitu vyenye kinahitaji. Kwa chombo cha kuchora, vitu hivyo mara nyingi ni maneno ya kuagiza, ukubwa wa picha, na idadi ya picha zenye unataka.

Kwa hiyo mtu mwenye kuandika maelezo ya chombo hafanyi kazi ya kupamba. Anampa ajenti amri bila kuwa pale. Akiandika vibaya, ajenti atafanya vibaya, na atafanya kwa moyo mmoja.

Mstari mmoja unageuza kazi

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, lakini kila jamaa ya wachimbaji itauona karibu.

Tuseme uvumi umefika mu mji kwamba shimo limeanguka kule ku njia ya Bafwasende. Reseau haipite. Kijana mmoja wa jamaa, moyo unamruka, anashika telefone na kuambia ajenti: "Nipe picha ya ajali ya shimo la Bafwasende." Ajenti anatazama vyombo vyake. Kimoja kimeandikwa: "Chombo hiki kinatoa picha." Maneno manne, basi. Ajenti anaombwa picha, chombo kinatoa picha, shauri limekwisha. Nusu dakika haipite, picha iko pale: udongo mwekundu, miguu ya watu, mwanamuke anashika kichwa. Kijana anaituma mu grupe ya WhatsApp ya jamaa. Mama mmoja anaona shati lenye kufanana na la mtoto wake. Matanga inaanza, na mtoto yuko mzima, anapika fufu kando ya mto.

Ndani ya hadithi hii hakuna mtu mwenye alitaka kudanganya. Kijana aliomba kujua. Ajenti alisoma karatasi yenye alipewa. Kosa liko mu karatasi.

Sasa tubadilishe maelezo. "Chombo hiki kinachora picha mpya isiyo ya kweli. Kitumie kwa afishi, michoro, mapambo. Usikitumie mtu akiomba kuona jambo lenye limetokea. Hapo tafuta foto za kweli, na ukikosa, mwambie umekosa. Kila picha ipewe alama kwamba imechorwa na mashine." Ajenti yule yule, akisoma karatasi hii, ana nafasi kubwa ya kujibu: "Sijapata foto ya jambo hilo." Jibu hilo linauma, lakini halimuue mtu mwenye hajafa.

Hatusemi kwamba karatasi nzuri inaponya yote. Ajenti anaweza kusoma na kukosea. Tena kuna ubaya wa aina nyingine: mu 2025 watafiti wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya chombo. Mwenye telefone haoni amri ile, lakini ajenti anaisoma na anaweza kuifuata, mpaka kutoa siri za mwenye telefone. Wachimbaji, mnajua mizani yenye imewekwa risasi chini ya sahani. Ni kitu kile kile: unatazama namba, hautazame chini. Kwa hiyo usiweke ku telefone yako chombo chochote chenye umetupiwa mu grupe, eti kinachora bure.

Mashine ilifundishwa na nini?

Kuna mstari mwingine wenye unakosekana mara nyingi: chombo kilijifunza kwa picha gani, na kwa lugha gani. Stable Diffusion, kwa mfano, ilifundishwa na picha zenye ziliokotwa ku intaneti, kutoka mkusanyo wenye unaitwa LAION-5B, wenye una picha zaidi ya milioni elfu tano na maneno yake. Sehemu kubwa yenye ilitumika ilikuwa na maneno ya Kiingereza. Basi fikirini ninyi wenyewe: krezere mwenye anasimama mu maji mpaka kiuno na tamisi mu mikono, ana foto ngapi mule, na ngapi zina maneno ya Kiswahili ao ya Lingala? Ukiagiza "mchimbaji," usishangae kuona mtu mwenye kofia ya taa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ya Ulaya. Mashine inarudisha chenye ilikuta kwa wingi.

Jambo hili limepimwa. Mu 2023 jarida la utabibu The Lancet Global Health lilitoa kazi ya watafiti, mmoja wao kutoka Chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Antwerp, mji ule wa Ubelgiji wenye majina ya mawe yetu yanajulikana kuliko majina yetu. Waliomba Midjourney ichore madaktari weusi wa Afrika wanatunza watoto wazungu wenye kuteseka. Walipata picha zaidi ya 300. Karibu kila mara watoto walitoka weusi, na mara nyingine hata daktari aligeuka mzungu. Mashine ilikuwa imejifunza kwamba mwenye kuteseka ni Mwafrika na mwenye kusaidia ni mgeni, juu picha za misaada za miaka mingi zilikuwa zinaonyesha vile.

Kwetu hii si shauri la heshima tu. Shirika likitengeneza ripoti juu ya wachimbaji na kutia ndani picha za mashine, msomaji wa mbali ataona watoto wenye machozi mu kila shimo, hata pale penye hakuna mtoto. Ao kampuni itaonyesha kambi safi, watu na bote mpya na kaske, mahali penye watu wanashuka miguu wazi. Picha zote mbili zitakuwa nzuri. Zote mbili zitakosa karatasi.

Karatasi yenye kufungwa ndani ya picha

Wenye kutengeneza mashine hawakulala. Mu Februari 2021, kampuni sawa Adobe na Microsoft, pamoja na BBC na wengine, waliunda kundi lenye linaitwa C2PA. Kazi yake ni kufunga ndani ya faili la picha cheti chenye kusema: chombo gani kilitengeneza, siku gani, na nini kilibadilishwa nyuma. Mu 2024 OpenAI ilianza kutia cheti hicho mu picha za DALL-E. Google nayo, tangu 2023, ina SynthID, alama yenye jicho halione lakini programu yake inaweza kuisoma.

Kuko pia njia ya mafundi. Mashine nyingi za kuchora zinaanza na namba, wanaiita mbegu. Ukiwa na programu ile ile, mipango ile ile, maneno yale yale na mbegu ile ile, kwa kawaida unaweza kupata tena picha ile ile ao yenye kufanana nayo sana. Programu nyingine zinaandika hayo yote ndani ya faili zenyewe. Ni sawa kuandika mu daftari: tamisi ya ngapi, mto gani, shimo la nani. Mwingine akija kesho, anaweza kurudi pale na kuhakikisha.

Lakini tuseme ukweli: karatasi hizi zinapotea mbio. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inafinywa ili isikule mega nyingi, na maandishi ya ndani yanaanguka njiani. Ukipiga picha ya kioo cha telefone, cheti kinabaki nyuma. Na mwenye kutaka kudanganya hawezi kungoja umwambie, anakifuta mwenyewe. Kwa hiyo picha yenye haina cheti si lazima ni ya uongo: foto zenu nyingi za kweli hazina pia. Na cheti hakisemi kwamba picha ni ya kweli. Kinasema tu imetoka wapi. Setifika ya Kimberley nayo ni vile: inahakikisha njia ya kifurushi, haisemi kama mchimbaji alilipwa vizuri.

Kisangani tunajua bei ya karatasi kukosa

Mtu anaweza kuuliza: mbona gazeti linasumbua wachimbaji na mambo ya kompyuta? Jibu liko mu mji huu huu.

Kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, inasema raia wenye waliuawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo mbalimbali, na wenye walijeruhiwa ni zaidi ya 1000. Tazameni pengo lile. Kati ya namba ya chini na ya juu kuna watu 516. Ni majina, ni jamaa, na hakuna karatasi yenye kutosha ya kusema kama wako ao hawako mu hesabu.

Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa udongo na wa pori wenye uliibiwa, almasi na dhahabu ndani yake. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni elfu 11. Mara na mara Korti ilisema ushahidi haukutosha kuhesabu kila hasara, njo ikapanga kiasi cha jumla. Leo FRIVAO, yenye iliundwa ili kugawanya malipo hayo, iko na kiti chake hapa Kisangani.

Hivi mnaona hatari. Jamaa moja imebaki na foto moja tu ya nyumba yao ya Juni 2000, imekunjwa, pembe imeliwa na mende. Jirani anaweza leo kuagiza mashine: "Chora nyumba yenye imebomolewa na bombe, Kisangani, mwaka 2000," na kupata picha kumi zenye kupita ile kwa uzuri. Siku picha za namna hiyo zitajaa ku meza za wenye kuhukumu, hasara haitakuwa ya mwongo peke yake. Mwenye kuhukumu atachoka, atasema foto zote ni za mashine, na jamaa yenye foto ya kweli itarudishwa pamoja na wengine. Pesa ya uongo ikijaa mu soko, hata noti ya kweli wanaikataa.

Tufanye nini mu nyumba na mu kooperative

Hatungoje serikali ao kampuni za Marekani. Kuko vitu vyenye tunaweza kuanza wiki hii, na daftari na biki.

Kwa foto za kweli: usifute faili la kwanza. Andika mu daftari siku, mahali, jina la mwenye kupiga, telefone gani, na nani anaonekana. Ukituma mbali, ituma kwa alama ya dokumenti mu WhatsApp, siyo kwa alama ya foto. Inakula mega, lakini haifinywe. Foto za karatasi za zamani, andikeni nyuma yake na kalamu, wakati wazee wenye kukumbuka wako bado. Siku bibi akienda, majina anaenda nayo.

Kwa picha za mashine: hakuna ubaya kutengeneza afishi ya mkutano ao alama ya kooperative. Lakini andikeni chombo gani, maneno gani, siku gani, nani aliagiza, na ku picha yenyewe muweke maneno yenye kusomeka: "Picha hii imechorwa na mashine." Kama kooperative inatumia ajenti, sekretere asome maelezo ya vyombo vyake, ao aombe kijana wa universite amusomee. Asitafute maneno mazuri. Atafute mipaka: chombo hiki kisitumike kwa nini?

Kwa biashara: foto ya jiwe si jiwe. Hata mbele ya IA watu walidanganywa na vipande vya kioo. Sasa hata kioo hakihitajike. Mtu akikutumia diama ya karati kumi na foto ya setifika, jua kwamba vyote viwili vinaweza kuchorwa dakika moja. Muite kwa video, mwambie aweke jiwe ku mizani, aandike ku karatasi neno lenye umemchagulia wewe, papo hapo. Na hata akifanya yote, usitoe makuta mbele ya mtu mwenye ujuzi na lupe kuliona jiwe kwa macho. Setifika nayo inahakikishwa ku ofisi ya CEEC, siyo ku kioo cha telefone.

Kwa habari za ajali: kabla ya kutuma mu grupe, uliza mwenye amekutumia, "Wewe uliipiga? Kama siyo, nani?" Akijibu "nimetumiwa tu," basi mlolongo umekatika pale, na wewe usiuunge. Piga simu ku PDG, ku shefu wa kijiji, ku ajenti wa SAEMAPE mwenye yuko karibu na shimo. Mama mwenye anangoja habari za mtoto wake anaweza kuvumilia saa mbili za kimya. Picha ya maiti yenye si maiti ya mtu, hiyo hawezi kuisahau hata mtoto akirudi nyumbani na kukaa mbele yake.